Namna ya Kuisikiliza Star Time ya James Brown Bila Kuchoka Njiani

Mkusanyiko unaochukua miaka karibu thelathini ya kazi ya mwimbaji mmoja huwa na hatari mbili kwa msikilizaji. Ya kwanza ni kuuacha upige kama redio ya sebuleni, nyimbo zikafuatana bila mtu kutambua kwamba ule wa saa ya nne hauna uhusiano wowote wa wazi na ule wa dakika ya tatu. Ya pili ni kuuanza kwenye wimbo wa kwanza kwa nia njema ya kufika wa mwisho, kisha kukata tamaa kabla ya kufika pale muziki wenyewe unapogeuka. Star Time, mkusanyiko wa mwimbaji wa Marekani James Brown uliotolewa na kampuni ya Polydor mwaka 1991, una nyimbo 71 katika CD nne, na ukiusikiliza wote kwa mfululizo unakaribia saa tano. Unaanzia mwaka 1956 na kuishia mwaka 1984. Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye amekwisha kusikia vibao viwili vitatu vya Brown na sasa anataka kuelewa kwa nini wanamuziki wa mabara yote walimtaja kuwa mwalimu wao.

Niseme mapema ninachokiamini. Star Time inafaa kusikilizwa kama kumbukumbu ya badiliko moja kubwa, yaani namna mwimbaji wa soul, muziki wa Weusi wa Marekani, aliyekuwa akiegemea melodia na kiitikio alivyozihamisha ala zote za bendi yake, hata gitaa na tarumbeta, zikafanya kazi ya ngoma. Ukishika hilo, utajua ni wimbo gani wa kurudia mara tano na ni upi wa kuuruka bila majuto.

Kwa Brown, mkusanyiko si njia ya mkato ya mvivu. Kazi yake ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na kampuni ya King ya Cincinnati, iliyokuwa ya Syd Nathan, ilizoea kuchukua kibao kimoja kilichovuma na kukizungushia nyimbo za kujazia ili kipatikane cha kuuza kama albamu. Mtu anayefuata albamu zake za miaka ya sitini kwa mpangilio atakutana na kazi nyingi za kupiga kinanda bila kuimba, na nyimbo zilizorudiwa kutoka albamu iliyotangulia. Santuri ndogo ndizo zilizobeba mambo makuu, na Star Time imezikusanya hizo.

Kabla ya kubonyeza

Kama unasikiliza kwa simu, jambo la kwanza ni kuzima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Waandaaji wa mkusanyiko huu, akiwemo Cliff White wa Uingereza, Harry Weinger wa Polydor na Alan Leeds ambaye aliwahi kuratibu ziara za Brown, walipanga nyimbo kwa kufuata wakati, na ukizichanganya unaharibu kazi yao yote.

Jambo la pili ni vipaza sauti. Spika ndogo ya simu itakupa sauti ya Brown, matoazi na gitaa la rithim, lakini itameza besi na ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, na hizo mbili ndizo zinazobeba muziki huu kuanzia mwaka 1967. Visikilizio vya kawaida vya masikioni vinatosha. Wala usishtuke ukisikia nyimbo nyingi za awali zikitokea katikati kabisa ya kichwa bila kugawanyika kulia na kushoto, kwa kuwa zilichanganywa kwa mono ili zitoke vizuri kwenye redio na kwenye mashine za muziki za baa.

Jambo la tatu ni kuhakikisha kwamba unachosikiliza ndicho hasa. Jina la James Brown limebandikwa kwenye mikusanyiko mingi ya bei rahisi, na mingi kati yake imejaa rekodi za majukwaani za miaka ya themanini, wakati bendi ilikuwa ikikimbiza vibao vya zamani ili ivimalize. Ukiona “Sex Machine” ikipigwa kwa kasi ya kutisha huku watu wakipiga kelele, acha, tafuta nyingine. Asiye na nafasi ya saa tano kabisa anaweza kuchukua 20 All-Time Greatest Hits!, CD moja iliyotolewa mwaka huohuo wa 1991, ingawa humo atapata vibao tu na hataona njia iliyovifikisha hapo.

Anza kwenye bawaba

Usianze mwanzoni, anza kwenye bawaba, pale muziki unapogeuka. Nenda hadi wimbo wa mwisho wa CD ya kwanza, usikilize, kisha usikilize wa kwanza wa CD ya pili. Zote mbili ni “Papa's Got a Brand New Bag”, na kuziweka ubavu kwa ubavu ndiyo akili kubwa kuliko zote iliyotumika katika mkusanyiko huu.

Wimbo huo ulirekodiwa mwezi Februari 1965 katika studio moja ya Charlotte, North Carolina, na bendi iliyokuwa safarini. Utepe wa awali ulikuwa na urefu wa karibu dakika saba, na kabla ya chochote unamsikia Brown akitangaza kwa sauti kubwa kwamba hicho ni kibao kitakachovuma. Halafu bendi inaingia, taratibu kidogo kuliko unavyoukumbuka wimbo, na Maceo Parker anapuliza saksafoni kwa muda mrefu bila haraka yoyote. Baadaye utepe huo ulikatwa, tangazo la mwanzoni likaondolewa, kasi ikaongezwa kidogo, na kilichobaki kikawa santuri ndogo ya dakika mbili na ushee iliyokaa nambari moja kwa wiki nane katika orodha ya muziki wa Weusi nchini Marekani na kufika nambari 8 katika orodha ya jumla. Mwaka uliofuata ilimpatia Brown tuzo yake ya kwanza ya Grammy.

Sikiliza toleo refu kwanza, lote. Kisha fungua la mkato, na uangalie mambo matatu: namna sauti ya Brown ilivyopanda kidogo kwa sababu ya kasi, namna tarumbeta zinavyopiga kwa pamoja kama ngumi moja, na hasa lile gitaa la Jimmy Nolen mwishoni mwa kila ubeti, ambapo bendi yote inanyamaza na gitaa peke yake linakwaruza nyuzi kwa haraka. Nolen hapigi melodia hapo. Anapiga mapigo. Wimbo wenyewe bado una umbo la blues ya baa kumi na mbili (baa hapa ni kipimo cha mapigo, kwa kawaida manne), lakini mkono wa kulia wa Nolen umekwisha kuhama.

Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi hatapata taabu kuelewa habari ya “Part 1” na “Part 2” utakayoikuta katika nyimbo nyingi za mkusanyiko huu. Santuri ndogo za Kinshasa na za Nairobi nazo ziligawa wimbo mmoja pande mbili, upande wa kwanza ukiwa na mashairi na wa pili ukiachia magitaa yatambe. Kwa Brown mgawanyo ulitokana na sababu hiyohiyo, kwamba upande mmoja wa santuri haukuweza kubeba wimbo mrefu kwa sauti nzuri, na mara nyingi upande wa pili ndio wenye utamu kwa mtu anayefuatilia bendi.

Rudi nyuma, lakini usikae sana

Baada ya kuipata bawaba, rudi mwanzoni mwa CD ya kwanza. James Brown alizaliwa mwaka 1933 Barnwell, South Carolina, akalelewa Augusta, Georgia, katika nyumba ya shangazi yake iliyokuwa danguro, na akiwa kijana wa miaka kumi na sita alifungwa kwa wizi. Ni katika kifungo hicho, huko Toccoa, ndipo alipofahamiana na Bobby Byrd, ambaye familia yake ilisaidia aachiliwe na ambaye kundi lake la kuimba ndilo lililokuja kuwa Famous Flames. Kumbuka jina la Byrd, kwa sababu sauti yake itakuitikia tena baadaye.

“Please, Please, Please” ya mwaka 1956 na “Try Me” ya 1958 ni nyimbo za kubembeleza, na malezi ya kanisani yanasikika waziwazi katika namna Brown anavyong'ang'ania neno moja hadi linaacha kuwa neno. Inasimuliwa mara nyingi kwamba Nathan aliudharau wimbo wa kwanza alipousikia. Ukiusikiliza kwa makini utaelewa kilichomkera: wimbo hauendi popote, unarudia tu. Tabia hiyo ya kurudia, iliyoonekana upungufu mwaka 1956, ndiyo itakayokuwa msingi wa kila kitu muongo mmoja baadaye.

Nyimbo nyingine za miaka hiyo zinaweza kupitiwa kwa mwendo wa kawaida. Simama kwenye “Think” ya 1960, ambapo bendi inakimbia kwa namna ambayo wimbo huo haukuwa nayo kwa waliouimba kabla, na kwenye “Night Train” ya 1962, ambayo karibu haina mashairi zaidi ya orodha ya majina ya miji. Kisha usikilize matoleo mawili ya mwaka 1964 ya nyimbo ambazo dunia inazijua kwa sura nyingine: “I Got You” na “It's a Man's World”. Brown alizirekodi wakati akigombana na King na kutaka kuhamia Smash, tawi la Mercury, mgogoro uliofika mahakamani. Zipige sambamba na zile zilizofuata katika CD ya pili, za mwaka 1965 na 1966. Katika “I Got You” ya kwanza bendi inacheza vizuri tu, kama bendi nyingi nzuri za wakati ule. Katika ya pili kila pigo limebanwa, na ule ukelele wa mwanzoni umewekwa mahali pake hasa. Hakuna maelezo ya kitabuni yatakayokuonyesha kazi iliyofanyika katika mwaka mmoja huo kama dakika hizo tano zinavyoonyesha.

Fuata dramu, acha sauti

CD ya pili na ya tatu ndizo za kukaa nazo. Ushauri wangu hapa ni mgumu mwanzoni lakini unalipa: kwa kila wimbo, chagua ala moja na uifuate kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kumsikiliza Brown. Akili itakuvuta kwake kwa sababu sauti yake imetengenezwa ili ivute watu, hivyo rudia wimbo mara mbili kabla ya kujaribu.

Anza na “Cold Sweat”, iliyorekodiwa Mei 1967 huko Cincinnati. Mpangilio wake ulifanywa na Alfred “Pee Wee” Ellis, mpiga saksafoni aliyetoka kwenye jazz, ambaye alikiri kwamba pigo la tarumbeta alilichota kwa Miles Davis. Fuata dramu za Clyde Stubblefield. Utagundua kwamba pigo la snea, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, ambalo kwa kawaida lingeanguka mahali fulani linacheleweshwa kidogo, na kwamba baa mbili hukamilishana badala ya kila moja kujitegemea. Sasa sikiliza tena ukifuata kodi za gitaa, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: zinabaki palepale katika ubeti mzima, na zinahama tu bendi inapoingia kile kipande cha kati. Kwa kawaida mwanamuziki wa soul angeshikilia watu kwa kubadilisha kodi. Brown aliwashikilia kwa kuzikataa, akaweka uzito wote kwenye pigo la kwanza la baa, lile ambalo yeye na wanamuziki wake waliliita “The One”, kisha akawaachia wengine wajaze nafasi zilizobaki kila mmoja kwa wakati wake.

Hapo ndipo inafaa kujua bendi ilivyoendeshwa. Brown aliwatoza wanamuziki wake faini kwa kukosea nota, kwa kuchelewa, hata kwa viatu visivyong'aa, na jukwaani alikuwa akionyesha vidole kuhesabu kiasi cha pesa huku akicheza, watazamaji wakidhani ni sehemu ya onyesho. Ukali huo unasikika. Katika “I Got the Feelin'” ya 1968 vinyamazo ni virefu na vya hatari, na bendi nzima inarudi kwa wakati mmoja kama mtu mmoja. Mimi sitamsifu mwajiri wa namna hiyo, lakini msikilizaji asijidanganye kwamba ule utulivu wa bendi ulipatikana kwa upole.

“Say It Loud – I'm Black and I'm Proud” inahitaji kusikilizwa ukiwa na tarehe mkononi. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na usiku uliofuata Brown alipiga muziki katika ukumbi wa Boston Garden, onyesho likarushwa kwenye televisheni ili watu wabaki majumbani. Wimbo ulirekodiwa Agosti mwaka huohuo eneo la Los Angeles, watoto wakiitikia. Kwa maelezo ya Brown mwenyewe, wengi wa watoto hao hawakuwa Weusi kabisa. Kwa upande wa muziki, angalia namna tarumbeta za Fred Wesley na wenzake zinavyoingia kwa ufupi na kuondoka, zikiwaachia watoto nafasi ya kujibu.

Halafu unafika kwenye “Funky Drummer”, iliyorekodiwa Novemba 1969. Mwezi huohuo, kwa sadfa ambayo sijaona mtu akiitaja, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa na maadili ya vijana, na mjadala mkali ukafuata katika kurasa za barua za wasomaji magazetini. Vijana waliokuwa wakicheza soul Dar es Salaam walikuwa wakimjua Brown vizuri. Hawakuweza kujua kwamba huko Cincinnati mpiga dramu wake alikuwa anarekodi kipande ambacho kingekuja kusikika katika nyimbo za hip hop za dunia nzima.

Namna ya kuusikiliza wimbo huo ni kuwa na subira. Kwa dakika tano hivi bendi inajizungusha, Brown akipiga ogani na Maceo akipuliza saksafoni, na unaweza kufikiri hakuna kinachotokea. Kisha Brown anawaandaa wenzake, anatangaza kwamba mpiga dramu apewe nafasi, na anamwonya Stubblefield asianze mbwembwe za solo, abaki na kilekile alicho nacho. Anahesabu, wote wananyamaza, na kwa sekunde kama ishirini dramu zinabaki peke yake. Hesabu mapigo madogo ya snea, yale ya chinichini kati ya makubwa. Mara ya kwanza utasikia mawili au matatu. Ukirudia utasikia mengi zaidi, na utaelewa kwa nini watengenezaji wa hip hop wa miaka ya themanini, wakiwemo waliolitengenezea kundi la Public Enemy, walikikata kipande hicho na kukizungusha. Haki ya utunzi iliandikwa kwa jina la Brown peke yake, na Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na mgawo wa mtunzi katika matumizi yote hayo.

Mwaka wa vijana

Machi 1970, kabla ya onyesho huko Columbus, Georgia, sehemu kubwa ya bendi iligoma kwa sababu ya malipo. Brown alimwagiza Bobby Byrd awalete kwa ndege vijana wa Cincinnati waliokuwa wakijiita Pacemakers, wakiongozwa na ndugu wawili, Phelps “Catfish” Collins wa gitaa na William “Bootsy” Collins wa besi, ambaye alikuwa na umri wa miaka 18. Mkusanyiko hautakuambia hivyo kwa maneno, lakini masikio yatakuambia mara tu “Sex Machine” inapoanza.

Wimbo huo ulirekodiwa Nashville mwezi Aprili mwaka huo, majuma machache tu baada ya vijana kuingia. Tarumbeta zinapiga mwanzoni kabisa, kisha zinaondoka na hazirudi. Hili lishangae kidogo, kwa kuwa bendi iliyojengwa juu ya tarumbeta kwa miaka kumi na minne imebaki na besi, gitaa, piano ya Brown, dramu za Jabo Starks, na sauti mbili. Ya pili kati ya sauti hizo ni ya Byrd, yule wa Toccoa, anayeitikia kila agizo kwa neno moja au mawili. Fuata besi ya Bootsy: haitulii kama besi za miaka ya sitini, inatembea, inapanda na kuacha nafasi, lakini pigo la kwanza la baa hailiachi hata siku moja. Brown anauliza kama waingie kipande cha kati, wanajibizana, wanachelewa makusudi, na wanapoingia unajisikia umefunguliwa mlango.

Baada ya hapo piga “Super Bad” na “Soul Power” kwa mfululizo, kwa sauti ya kutosha. Katika “Super Bad” Brown anamwomba mpiga saksafoni, Robert McCollough, apulize kwa mtindo wa John Coltrane, na jamaa anafanya hivyo bila aibu juu ya mdundo wa dansi. Vijana wa Collins waliondoka mwaka 1971, kipindi ambacho Brown alihamia Polydor, na utasikia namna bendi inavyopoa na kuwa nzito zaidi, Fred Wesley akiwa kiongozi wa muziki. “King Heroin” ya 1972, shairi la kusemwa juu ya dawa za kulevya, linafaa kusikilizwa mara moja ukiwa umetulia.

Kinshasa, na kushuka

CD ya nne isikilizwe nusu kwa makini na nusu kwa huruma. Nusu ya kwanza ni dhahabu. Katika “Doing It to Death” ya 1973, iliyotoka kwa jina la Fred Wesley na J.B.'s, yaani bendi ya Brown, Brown anasema waziwazi kwamba ili ateremke sawasawa anahitaji kupiga katika ufunguo wa D, yaani ngazi ya sauti ya chini zaidi, na bendi inashuka yote kwa pamoja kutoka ufunguo wa F. Nyimbo za burudani kwa kawaida hupanda ufunguo ili kuongeza joto. Huu unashuka, na joto linaongezeka.

“The Payback” ilitungwa kwa ajili ya filamu, watengenezaji wakaikataa, Brown akaitoa mwenyewe na ikauza sana. Kwa msikilizaji wa Afrika ya Kati na Mashariki wimbo huu una anuani nyingine. Septemba 1974 Brown alikuwa kinara wa tamasha la siku tatu mjini Kinshasa, lililoandaliwa lisindikize pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na ambalo lilifanyika kama lilivyopangwa ingawa Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini na ngumi zikasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Jukwaa hilohilo lilipandwa na Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Miriam Makeba, B.B. King, Bill Withers na Celia Cruz. Filamu ya Soul Power ya mwaka 2008 ina picha za usiku ule, na ni vizuri kuitazama baada ya kuusikiliza “The Payback” wa studio mara kadhaa, ili uone kwa macho nani anapiga nini na namna Brown anavyoongoza kwa mabega na mikono.

Nusu ya pili ya CD hii ni habari ya mtu aliyezoea kufuatwa na sasa anafuata. “Hot” ya mwishoni mwa 1975 imejengwa juu ya gitaa lilelile la “Fame” ya David Bowie, iliyotangulia kutoka mwaka huohuo na ambayo gitaa lake lilipigwa na Carlos Alomar, aliyewahi kupita katika bendi ya Brown. “It's Too Funky in Here” ya 1979 ilitayarishwa na mtu mwingine, Brad Shapiro, kwa mwelekeo wa disko, na inapendeza zaidi ya nilivyotarajia. Wimbo wa kufungia ni “Unity” ya 1984, akiwa na Afrika Bambaataa, mmoja wa waasisi wa hip hop, na hapo unamsikia akikaribishwa ndani ya nyumba aliyoijenga yeye.

Kijitabu na majina

Ukipata nakala ya CD yenyewe, usome kijitabu chake, kilichompatia Brown na waandishi wenzake tuzo ya Grammy ya maelezo ya albamu. Faida yake kubwa si insha, ni orodha: kila wimbo una tarehe ya kurekodiwa, mahali, na wanamuziki waliojulikana kuwepo. Weka alama kwenye majina ya Nolen, Ellis, Stubblefield, Starks, Wesley, Maceo Parker na nduguye Melvin aliyepiga dramu, na uone nani anapotea mwaka gani. Badiliko la sauti karibu kila mara lina jina la mtu.

Kuhusu majina ya watunzi uwe na tahadhari. “Get Up Offa That Thing” ya 1976 iliandikishwa kwa majina ya mkewe na mabinti zake wakati Brown akisumbuliwa na madeni ya kodi, na nyimbo nyingi za bendi nzima ziliandikwa kwa jina lake peke yake.

Kisichokuwemo

Star Time haina “Living in America”, kibao cha mwaka 1985 kilichotoka kwenye kampuni nyingine kupitia filamu ya Rocky IV, na sioni kwamba imepungukiwa chochote. Pengo la kweli ni jukwaa. Tarehe 24 Oktoba 1962 Brown alirekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo, Harlem, kwa fedha zake mwenyewe kwa kuwa Nathan hakuamini kwamba kuna mtu atanunua nyimbo zilezile zikiwa na kelele za watu. Mkusanyiko umechukua kipande kidogo tu cha usiku huo. Itafute albamu nzima, Live at the Apollo, na upige “Lost Someone”, iliyozidi dakika kumi na kulazimika kugawanywa pande mbili za santuri, baada ya kusikiliza toleo fupi la studio lililomo katika CD ya kwanza. Usiichanganye na albamu ya Sex Machine ya 1970, ambayo sehemu yake ilirekodiwa studio kisha ikaongezewa kelele za watazamaji, hila ambayo ukishaijua utaisikia mara moja.

Anayetaka kubaki na dramu achukue In the Jungle Groove ya mwaka 1986, mkusanyiko mfupi wa kazi za 1969 hadi 1971 ambao kwa mara ya kwanza uliiweka “Funky Drummer” kwenye albamu, pamoja na kipande chake cha dramu kilichorudiwa. Na aliyevutiwa na kipindi cha Kinshasa aanze na The Payback ya Desemba 1973, santuri mbili zenye nyimbo nane tu, ambazo zinapaswa kupigwa nzima bila kukatizwa, upande mmoja kwa usiku mmoja ukipenda.